Volteji na betri: mwongozo kamili wa kuelewa, kupima na kujionea mwenyewe

Chukua betri mbili za AA. Moja ni mpya, nyingine umeitoa kwenye tochi ya balbu ya nyuzi iliyogoma kuwaka. Zipime kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme. Mpya inasoma volti 1.60, ile ya tochi inasoma 1.38. Kwa hesabu ya haraka, iliyochoka bado ina asilimia 86 ya mwenzake. Irudishe kwenye tochi: nyuzi ya balbu inakuwa nyekundu kidogo, basi.

Hizo asilimia 86 zimekwenda wapi? Atakayelijibu swali hili kwa maneno yake mwenyewe ameelewa volteji, na hatua zilizo hapa chini zote zinaelekea kwenye jibu hilo. Utahitaji multimita ya kawaida ya kidijiti, betri mbili kama hizo, malimau matatu au manne, misumari michache iliyopakwa zinki (ile ya kupigia mabati), vipande vya waya mnene wa shaba uliomenywa, taa ndogo nyekundu ya LED, rezista moja (kijiti cha kuukinza mkondo; ukinzani hupimwa kwa omu) ya omu 10 ya nusu wati, na nyaya kadhaa zenye vibanio.

Hatua ya 1: Gusa betri kwa waya mmoja tu

Chomeka waya mweusi wa multimita kwenye tundu la COM na mwekundu kwenye tundu lenye alama ya V. Zungusha swichi hadi kwenye V yenye mstari mnyoofu na vistari chini yake, kipimo cha 20. Ile V yenye kiwimbi ni ya umeme wa ukutani, iache.

Sasa gusa kichwa cha betri kwa waya mwekundu, mweusi uache unaning'inia. Kioo kinasoma sifuri, au vijinamba vinavyochezacheza bila maana. Betri ni nzima, mpya kabisa, na multimita haioni kitu. Gusisha waya mweusi kwenye kitako cha betri: 1.60. Badilisha nyaya, mwekundu uende kitakoni: −1.60.

Watu wengi hulipita jaribio hili kwa sababu ni jepesi mno, na mimi naona ndilo lenye somo zito kuliko yote. Volteji si kitu kilichojazwa ndani ya betri kama mafuta kwenye chupa. Ni tofauti kati ya sehemu mbili. Ukiuliza "volteji ya hapa ni ngapi?" umeuliza kama anayesema "umbali wa hapa ni kilomita ngapi?" Hapa na wapi? Ndege anatua kwenye waya wa umeme mkubwa na kuondoka salama kwa sababu hiyohiyo: miguu yake yote miwili iko kwenye waya mmoja, na kati ya mguu na mguu tofauti ni ndogo mno.

Ni tofauti ya nini? Ya nishati, kwa kila kipimo cha chaji. Chaji hupimwa kwa kulombu, na kulombu moja ni chaji ya elektroni takribani bilioni 6.24 mara bilioni. Volti 1 maana yake ni kwamba kila kulombu inayosafiri kutoka sehemu moja hadi nyingine inatoa jauli 1 ya nishati njiani. Betri ya volti 1.5 inatoa jauli 1.5 kwa kila kulombu. Volteji, kwa hiyo, haikuambii ni chaji kiasi gani inapita. Kazi hiyo ni ya ampea: ampea 1 ni kulombu 1 kila sekunde.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa. Umeme unaopita kwenye waya tunauita mkondo, neno lilelile la mto. Maji hufuata mkondo, wamesema wahenga, lakini mkondo nao hufuata mteremko, na volteji ndiyo mteremko wenyewe. Mfano wa maji una mwisho wake, hata hivyo. Ukikata bomba, maji yanamwagika. Ukikata waya, elektroni hazimwagiki, zinasimama. Lazima kuwe na njia ya kwenda na kurudi.

Hatua ya 2: Tengeneza betri yako

Viringisha limau juu ya meza huku ukilibonyeza kwa kiganja, mpaka ulihisi limelainika. Vijifuko vya maji ndani vimepasuka. Chomeka msumari wa zinki upande mmoja na waya wa shaba upande mwingine, viachane kama sentimita mbili, visigusane ndani. Waya mwekundu wa multimita kwenye shaba, mweusi kwenye msumari. Utaona karibu volti 0.9, pengine zaidi kidogo.

Usiishie hapo. Badilisha kitu kimoja kimoja, uone kipi kinaigusa namba hiyo.

Sogeza msumari karibu na shaba. Volteji haibadiliki kwa kiasi cha kutaja. Zamisha msumari zaidi, au tumia limau kubwa mara mbili: vilevile. Sasa ng'oa waya wa shaba, mahali pake weka msumari wa pili wa zinki. Namba inaanguka karibu na sifuri. Limau ni lilelile, maji ni yaleyale, ila umeondoa tofauti ya metali, na volteji imeondoka nayo.

Hapo umerudia ugomvi wa wanasayansi wawili wa Italia. Luigi Galvani aliona mguu wa chura aliyekufa ukirukaruka ukiguswa na metali mbili, na mwaka 1791 akachapisha hoja kwamba umeme unatoka kwa mnyama. Alessandro Volta akabisha: siri iko kwenye metali mbili zisizofanana, chura ni unyevunyevu tu. Ili kulithibitisha hilo alimwondoa chura kabisa. Akapanga sahani za fedha na zinki kwa zamu, akazitenganisha kwa vipande vilivyoloweshwa maji ya chumvi, na mwaka 1800 akaitangaza betri ya kwanza. Volti imepewa jina lake. Jambo linalonifurahisha ni kwamba Volta naye alikosea nusu: aliamini kugusana tu kwa metali kunatosha kuendesha umeme milele. Kumbe ni kemia, na kemia hiyo hula metali.

Panga malimau matatu au manne kwa mfuatano, shaba ya moja ikiunganishwa na msumari wa lingine, kisha weka taa nyekundu ya LED kwenye ncha mbili zilizobaki. Mguu wake mrefu uelekee upande wa shaba. Zima taa za chumbani, kwa sababu itawaka kwa kunong'ona. Malimau manne yanatoa volti zaidi ya 3 bila mzigo, na LED nyekundu inahitaji karibu 2 tu, kwa hiyo volteji ipo ya kutosha. Kinachokosekana ni mkondo, na hicho ndicho kisa cha betri yetu iliyochoka. Tutakirudia. Malimau hayo usiyatie kwenye chai baadaye, yana zinki iliyoyeyuka.

Hatua ya 3: Fuatilia elektroni moja

Atomu ya zinki kwenye uso wa msumari inaachia elektroni mbili na kuingia kwenye maji ya limau ikiwa ioni, yaani atomu iliyopungukiwa elektroni, yenye chaji chanya. Elektroni zile mbili zinabaki kwenye metali. Atomu nyingine inafanya vivyo hivyo, na nyingine. Msumari unajaa elektroni na kuwa hasi. Shaba haina haraka hiyo ya kuachia elektroni, na upande wake unabaki unazihitaji.

Kama waya haujaunganishwa, mchezo unasimama upesi. Elektroni zilizokusanyika kwenye msumari zinazivuta ioni chanya zisiondoke, mpaka mvuto huo ulingane na msukumo wa kemia. Kiwango cha kulingana ndicho volteji unayoisoma, na kinategemea aina ya vitu vilivyotumika, si wingi wake. Ndiyo maana betri nyembamba ya AAA na pandikizi la D zote zimeandikwa 1.5 V. Lile kubwa lina zinki nyingi zaidi, kwa hiyo linadumu zaidi na linaweza kutoa mkondo mkubwa, lakini msukumo kwa kila kulombu ni uleule.

Unganisha waya. Elektroni zinapata njia ya kutoka kwenye zinki hadi kwenye shaba, zikipita kwenye taa na kuiachia nishati. Zikifika kwenye shaba zinachukuliwa na ioni za haidrojeni zilizomo kwenye asidi ya limau, na zinazaliwa povu ndogondogo za gesi. Ukitazama kwa makini, na kioo cha kukuzia kikiwepo, unaweza kuziona zimeshikamana na shaba. Wakati huohuo ioni zinatembea ndani ya maji ili chaji isirundikane upande mmoja. Kwa hiyo mzunguko hauishii kwenye ncha za betri, unapita ndani ya betri yenyewe, elektroni nje na ioni ndani.

Nishati imetoka kwenye zinki. Limau ni njia tu, ingawa sifa zote linachukua lenyewe.

Hapa naomba tufute maneno mawili yanayosemwa kila siku. La kwanza: "betri imejaa elektroni." Haijajaa. Kila elektroni inayotoka upande wa hasi, nyingine inaingia upande wa chanya. Betri iliyokwisha ina elektroni zilezile idadi yake. Kilichokwisha ni kemikali zilizokuwa tayari kuzisukuma. La pili: "umeme unatoka chanya kwenda hasi." Hayo ni makubaliano ya zamani, yaliyowekwa kabla elektroni haijajulikana. Elektroni zenyewe zinakwenda kinyume. Hesabu hazidhuriki, lakini mwanafunzi huchanganyikiwa bure.

Ukiipasua akilini betri ya alkalaini ya dukani (akilini tu, usiipasue kweli), utakuta kisa kilekile: unga wa zinki upande wa hasi, dioksidi ya manganizi upande wa chanya, na katikati haidroksidi ya potasiamu mahali pa maji ya limau. Betri za bei rahisi za zinki na kaboni zina ujanja mmoja mbaya, kwani zinki ndiyo kopo lenyewe. Betri inapofanya kazi inalila ganda lake, na ndiyo sababu huvuja mapema.

Betri za kuchajiwa zinatumia kemikali zinazokubali kurudi zilikotoka. Chaja inasukuma elektroni kinyume, na vitu vinajipanga upya karibu kama mwanzo. Kila jozi ya kemikali ina namba yake: seli ya nikeli na haidridi ni volti 1.2, ya risasi na asidi karibu 2, ya lithiamu ya simu 3.6 au 3.7 kwa wastani na 4.2 ikijaa. Betri ya AA ya kawaida usiijaribu kwenye chaja. Zinki hairudi mahali pake sawasawa, gesi inajaa, na ganda linaweza kupasuka.

Hatua ya 4: Soma namba za kwenye betri bila kudanganyika

mAh, yaani miliampea-saa, ni wingi wa chaji, si wingi wa nishati. Betri ya AA yenye mAh 2,000 inaweza kutoa ampea 2 kwa saa moja, angalau kwa karatasi: ampea 2 mara sekunde 3,600 ni kulombu 7,200. Zidisha kwa volti 1.5 upate jauli 10,800. Nishati hiyo ingetosha kuinua ndoo ya maji ya lita 20 hadi kimo cha mita 55. Betri ya kushika kwa vidole viwili.

Kwa kuwa nishati ni chaji mara volteji, huwezi kulinganisha mAh za betri mbili zenye volteji tofauti. Hapo ndipo pawabenki zinapowaliza watu. Imeandikwa 20,000 mAh, lakini hizo ni za seli za ndani zenye volti 3.7, yaani saa-wati 74. Ikitoka kwenye USB kwa volti 5, saa-wati 74 hizohizo ni mAh 14,800, na bado hujatoa kinachopotea kama joto. Si lazima uwe umeuziwa feki. Ukitaka kulinganisha kwa haki, tafuta namba yenye Wh, yaani saa-wati.

Hatua ya 5: Kupanga betri

Kwa mfuatano, kichwa cha moja kwenye kitako cha nyingine, volteji zinajumlishwa. Betri tatu za 1.5 ni 4.5. Ukigeuza moja kimakosa, inatoa badala ya kujumlisha, na unabaki na 1.5. Betri ya mraba ya volti 9 ni seli sita ndogo ndani ya boksi moja. Ya gari ni seli sita za risasi. Ikijaa na kutulia inasoma karibu 12.6.

Kwa sambamba, vichwa pamoja na vitako pamoja, volteji inabaki ileile na uwezo wa kutoa mkondo unaongezeka. Sambamba ifanyike kwa betri zinazofanana kabisa tu, vinginevyo yenye volteji kubwa itamwaga mkondo kwenye dhaifu.

Kwenye mfuatano pia, usichanganye mpya na kuukuu. Kuukuu inakwisha kwanza, zile mpya zinaendelea kusukuma mkondo ndani yake kwa nguvu, na mara nyingi hiyo ndiyo inayovuja na kuharibu kifaa.

Kuhusu hatari, mambo machache hayana mjadala. Betri ya saa, ile bapa kama sarafu, ikimezwa na mtoto ni safari ya hospitali papo hapo. Inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Betri ya lithiamu iliyovimba usiichaji wala kuitoboa. Betri ya gari inapochajiwa hutoa haidrojeni, kwa hiyo weka moto na cheche mbali. Na shoti si mchezo hata kwa volti ndogo: niliwahi kutumbukiza betri ya volti 9 mfukoni pamoja na funguo, na nilijua nimekosea pale paja lilipoanza kuungua.

Hatua ya 6: Ipime betri ikiwa kazini

Turudi kwenye 1.60 na 1.38.

Kila betri ina ukinzani wake wa ndani. Ioni zinapopenya kwenye kemikali zinapata msuguano wa aina yake, na kadiri betri inavyotumika, mabaki yanajaa njiani na ukinzani unapanda. Multimita haiwezi kuliona hilo, kwa sababu yenyewe ina ukinzani wa omu milioni 1 hadi 10 na inavuta mkondo mdogo kupita kiasi. Ni kama kumpima mgonjwa nguvu akiwa amelala.

Ibebeshe mzigo, basi. Unganisha rezista ya omu 10 kati ya kichwa na kitako cha betri, na wakati imeunganishwa pima volteji ya betri. Sekunde tano zinatosha. Tuseme umepata hivi:

Mpya: kabla 1.60, chini ya mzigo 1.57.
Iliyochoka: kabla 1.38, chini ya mzigo 1.05.

Mkondo ni volteji ya mzigo kugawanya kwa omu 10. Kwa mpya ni ampea 0.157, kwa iliyochoka 0.105. Ukinzani wa ndani ni volteji iliyopotea kugawanya kwa mkondo huo. Mpya: 0.03 ÷ 0.157, karibu omu 0.2. Iliyochoka: 0.33 ÷ 0.105, zaidi kidogo ya omu 3.1. Mara kumi na tano na ushei.

Tochi ikitaka ampea 0.3, betri iliyochoka ingepoteza 0.3 × 3.1, yaani volti 0.93, ndani ya tumbo lake kabla umeme haujafika mlangoni. Balbu ingeachiwa chini ya nusu volti. Zile asilimia 86 zilikuwa msukumo wa betri iliyopumzika, na njia ya kutokea ilikuwa imeziba.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini huwezi kuwasha gari kwa betri nane za AA, ingawa jumla yake ni volti 12. Nane mara omu 0.2 ni omu 1.6, na hata ukizipiga shoti kabisa hazivuki ampea 7.5. Mota ya kuwashia injini inataka ampea mia na zaidi. Betri ya gari iliyo nzima ina ukinzani wa ndani wa karibu sehemu moja ya mia ya omu, au pungufu. Betri hiyohiyo ukiishika kwa mikono mikavu hairushi, maana ngozi kavu ina makumi ya maelfu ya omu. Volti 12 kugawanya kwa 20,000 ni chini ya miliampea moja. Lakini spana ikilala kati ya ncha zake itang'aa.

Onyo la mwisho la multimita. Ukihamisha waya mwekundu kwenye tundu la 10A ili upime mkondo, urudishe kwenye V kabla hujagusa betri nyingine. Kwenye tundu la ampea multimita ina ukinzani mdogo sana, na ukiigusisha betri moja kwa moja umepiga shoti. Nimeshaunguza fyuzi mbili kwa usahaulifu huo, ya pili wiki moja baada ya ya kwanza.

Ile betri ya 1.38 usiitupe bado. Saa ya ukutani inavuta chini ya miliampea moja kwa wastani, na kwa mkondo mdogo hivyo omu 3.1 zinakula kama sehemu tatu tu za elfu za volti. Iweke humo. Uifungue kila baada ya miezi michache uitazame, na ukiona unga mweupe kwenye ncha, itoe, futa pale kwa pamba iliyoloweshwa siki au maji ya limau, kausha vizuri, kisha weka nyingine.